VIP Alinyanyuka Ubeti wa Tatu

Alhamisi saa nne asubuhi lilipita gari la matangazo mbele ya kijiwe chetu hapa Pangani ya Kibaha, limefunga spika nne juu ya paa na kila moja ina ugomvi wake. Nasema Pangani ya Kibaha kwa sababu nimechoka kuulizwa habari za Tanga.

"Jumapili hii! Saa nane mchana! Ukumbini hapa hapa Kibaha! Udi na Marashi Modern Taarabu! Njoo na wako, njoo na wa mwenzio!"

Benchi zima likacheka. Mmoja tu hakucheka, Amiri. Alikibana kikombe cha kahawa katikati ya magoti, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akainama hivyo hivyo mpaka gari likaishia kwenye kona.

Sasa huyu Amiri ni fundi rangi, na hapa kijiweni tunamwita VIP. Tunamwita hivyo kwa sababu huko VIP hajawahi kukaa hata siku moja. Lakini halipigwi onesho la singeli wala la bongo fleva kati ya Mlandizi na Kisarawe bila yeye kuwa amesimama mbele kabisa, kifua juu ya uzio, akiimba kwa sauti kuliko aliyelipwa kuimba.

"VIP, unaumwa?" akauliza Da Hajra. Da Hajra anakaanga chapati pembeni ya benchi letu. Jina lake la kijiwe ni Spika, na si yule wa bungeni.

"Siumwi. Nimechoka makelele."

"Wewe? Makelele? Wewe uliyemtoa baba yako mzazi kule Janga, mzee wa watu na kanzu yake, ukaenda kumsimamisha kwenye singeli Mlandizi?"

"Mzee alifurahi."

"Alifurahi wapi! Alimfuata DJ akamwomba apunguze mwendo, eti kuna neno limempita."

"Asilimia sabini na nane ya wanaokwenda kwenye maonesho hawamwoni msanii," akadakia Evodius. "Wanaona simu ya aliyesimama mbele."

Evodius ni fundi umeme, mtu wa Bukoba, na sisi tunamwita Takwimu. Ana asilimia ya kila kitu chini ya jua na zote kazitoa kichwani mwake.

"Utafiti huo umefanya lini?" nikamuuliza.

"Mimi mwenyewe ndiye utafiti. Si mwaka jana VIP alituburuza watu wanne kwenda kumwona yule msanii wa Dar? Tumefika saa tisa. Kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili kuna jamaa jukwaani anasema 'moja, mbili, moja, mbili'. Ya tatu hakuifikia. Msanii kuja kutokea, wimbo unaimbwa na mashine, yeye anatunyooshea sisi maiki. Nimelipa kiingilio, nikaimba mwenyewe!"

"Ile inaitwa kushirikisha mashabiki," akasema VIP, lakini kinyonge.

"Kushirikisha? Mimi nilikohoa siku mbili, msanii hakuja hata kuniangalia."

Kwa kawaida hapo VIP angesimama juu ya benchi atetee sanaa ya taifa. Leo alikuwa anabandua rangi kwenye kucha. Mzee Kibwana, mwenye kahawa, tunayemwita Mzee Tangawizi kwa namna anavyoimwaga kwenye dele lake, akamtazama kwa jicho moja.

"Hebu mwacheni. Amiri, nyumbani kuna nini?"

VIP akatazama chini. "Shamsia hayupo, mzee. Leo wiki mbili."

Da Hajra akaacha chapati ikiungua upande mmoja. Mimi nikaondoa mguu kwenye cherehani. Mimi ni fundi nguo, wananiita Sindano, na cherehani yangu ipo chini ya bati hilo hilo, kwa hiyo hakuna linalonipita. Wiki mbili nimeona jamaa anavaa shati moja lenye madoa ya rangi, nikadhani ndiyo mitindo.

"Hayupo, yuko wapi?"

"Kwao, Marui ya Kisarawe. Na mtoto kaenda naye."

"Umempiga?" Da Hajra alikuwa keshanyanyua mwiko.

"Wallahi sijamgusa!"

"Umeongeza mke?"

"Kwa kipato gani, Da Hajra? Cha kupaka kuta?"

"Sasa umefanya nini?"

"Nimekwenda kwenye taarabu."

Tukacheka mpaka kahawa zikamwagika. VIP hakucheka. Macho yalikuwa mekundu, nasi tukaanza kunyamaza mmoja mmoja.

"Ngojeni niwaeleze yote," akasema. "Idi hii tulikwenda kula Kisarawe mjini kwa dada yake Shamsia. Tukaenda watu watatu na mtoto: mimi, Shamsia na mama mkwe, Bi Hamisa. Idi pili, mchana, Udi na Marashi hao hao wakawa na onesho la familia, ukumbi wa nyuma ya stendi. Nikasema leo nisiwe mchoyo. Kila siku nakwenda na nyie wahuni, leo niende na familia. Nikawakatia tiketi wote."

"Kwanza hapo hapo," akasema Mzee Kibwana. "Bi Hamisa si alikuja kumlea mzazi? Zile siku arobaini?"

"Ndiyo, mzee."

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi mitano."

"Na Bi Hamisa alikuwa bado yupo?"

"Alikuwepo." Alilivuta lile neno mpaka Takwimu akapiga miayo.

"Haya, endelea."

"Muziki ukanoga. Mimi taarabu ndiyo mara yangu ya kwanza kuhudhuria. Nikaona watu wananyanyuka mmoja mmoja, wanakwenda mbele kwa madaha, wanamtunza mwimbaji kwa noti, wanarudi kukaa. Nikasema kumbe raha yenyewe ndiyo hii. Nikasubiri kinanda kikolee, na mimi nikanyanyuka."

Da Hajra akaweka mwiko chini taratibu. "Ubeti gani?"

"Ubeti gani, nini?"

"Ulinyanyuka ubeti gani, VIP?"

"Sijui. Wa tatu. Mimi nilikuwa nafuata kinanda."

"Unaukumbuka unavyosema?"

VIP akajipiga piga gotini kupata mdundo, akaimba kwa sauti ya mtu aliyelala njaa:

"Ulikuja na kibegi, sasa una makabati,
Rimoti umeishika, wenye nyumba hatupati."

"Yarabi!" Da Hajra akashika kichwa kwa mikono ya unga. Mzee Kibwana akageuka upande wa pili, mabega yanatikisika.

"Sijaelewa," akasema Takwimu. "Huo si wimbo wa samani?"

"Takwimu, wewe mtu wa Bukoba, tulia nikufundishe," akasema Da Hajra. "Kwenye taarabu hunyanyuki ovyo. Mtu anakaa na lake moyoni anasubiri ubeti wake. Ukifika, ananyanyuka, anatunza, na ukumbi mzima unajua ubeti ule sasa ni wa kwake, wanabaki kutazama anamtupia nani. Akirudi kukaa keshasema. Hana haja ya kufungua mdomo mwaka mzima." Kisha akamgeukia VIP. "Wewe wakati unatunza ulimtazama nani?"

"Mama mkwe."

"Kwa nini?"

"Heshima! Nikamnyooshea kidole kabisa, nikamwambia mama, hii yako!"

Sikumbuki kilichofuata vizuri. Najua Takwimu aliteleza akakaa chini, na mimi sindano iliniingia kidoleni. Nilikuwa nalia na sijui kama ni sindano.

"Akafanyaje?" Da Hajra akauliza alipoweza kusema.

"Akajitanda mtandio, akainama. Safu ya nyuma kinamama wakapiga vigelegele. Mimi nikadhani wananishangilia ninavyocheza. Nikarudia."

"Ulirudia!"

"Si walikuwa wanaomba, Da Hajra! Shabiki anaombwa arudie, anakataaje?"

"Kaka, umezingua," akasema Takwimu kutoka chini. "Umezingua asilimia mia na kumi."

"Asubuhi yake," VIP akaendelea, "mama anasema Kibaha harudi, anapitiliza kwake Marui, vitu vyake tutamtumia. Kanipa mkono, kasema, 'Ahsante baba, ujumbe nimeupata.' Mimi nikadhani ujumbe wa simu, ule wa salamu za Idi. Nikamjibu, 'Karibu mama, nitakutumia na mwingine.'"

Mzee Kibwana aliweka dele chini kabisa, akaenda kusimama nyuma ya mkokoteni wake. Mzee wa miaka sabini hacheki mbele za watu mpaka machozi.

"Shamsia akasema anamsindikiza mama yake, atarudi kesho. Kesho hiyo ndiyo leo wiki mbili. Nikipiga anakata, ananitumia picha ya mtoto. Basi."

"Sema ukweli wako," nikamwambia. "Ulikuwa unataka mkweo aondoke?"

"Nyumba yangu vyumba viwili, Sindano. Mama, Shamsia na mtoto chumbani. Mimi sebuleni na madebe ya rangi. Kwenye TV ni tamthilia za Kituruki toka asubuhi, mechi naangalia kupitia dirisha la jirani, na jirani mwenyewe anafunga pazia timu yake ikifungwa. Lakini kumfukuza? Wallahi sikuwaza. Mtoto kaota jino jana. Jino la kwanza la mwanangu nimeliona kwenye simu." Akajifuta pua kwa mkono wa lile shati. "Namtaka mke wangu. Namtaka mtoto wangu. Hata mama akitaka rimoti aichukue, nampa na TV yenyewe."

Hapo mimi nilimwonea huruma, na nikakasirika, kwa sababu sipendi kumwonea huruma mtu anayejitakia.

"Andika barua ya kuomba radhi," akashauri Takwimu. "Nakala kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Barua ya nini, mtu yuko hai," akasema Mzee Kibwana aliyerudi na uso mkavu. "Piga simu. Si kwa mkeo, piga kwa mkweo. Na uweke sauti ya nje tukusaidie ukiteleza. Maana utateleza."

VIP akapiga. Simu ikaita mara tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Leo tuko ubeti wa ngapi?"

Da Hajra akajiziba mdomo kwa kitambaa cha chapati.

"Mama, nisamehe. Sikujua. Nakuapia kwa mwanangu, sikujua maana yake. Mimi nilifuata kinanda tu."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Mimi taarabu naijua kabla hujazaliwa. Anayenyanyuka kwa maneno namjua, na anayenyanyuka kwa kinanda namjua. Wewe ulikuwa unacheza singeli. Nikasema huyu maskini ya Mungu hana neno."

"Sasa mama, mbona uliondoka?"

"Niliondoka kwa sababu ya huyu aliyekushika shati."

VIP akatutazama. Sisi tukamtazama yeye.

"Shati?"

"Ubeti wa kwanza ulitaka kunyanyuka, mwanangu akakuvuta shati. Wa pili ukataka tena, akakuvuta. Wa tatu akakuachia, na noti akakutilia mkononi. Mimi si nilikuwa nimekaa pembeni yenu? Au mlidhani nimelala?"

"Aliniambia kinanda bado hakijakolea," VIP akanong'ona.

Mara ikasikika sauti nyingine kwenye simu, ya mbali kidogo. "Mama! Umeweka spika?"

"Nimeweka. Kwani wao hawakuweka? Nawasikia wanavyovuta kahawa."

Huko Marui kikalipuka kicheko cha kinamama wasiopungua sita. Tuliambiwa baadaye walikuwa wanamenya mihogo. Mzee Kibwana akaamkia simu kwa adabu: "Hamjambo huko?" Wakajibu kwa pamoja kwamba hawajambo, na kwamba tusogee karibu na simu wasikie vizuri.

"Shamsia," akasema VIP. "Ni kweli?"

Kisu cha mihogo kikawekwa chini, ndipo Shamsia akajibu: "Kweli. Nisamehe, Amiri. Nilikitaka chumba chetu. Nilitaka tulale mimi na wewe na mtoto wetu. Sasa mama yangu mzazi, aliyenikanda na kuniogesha siku arobaini, namwambia ondoka kwa mdomo gani? Nikaona wimbo useme, na wewe uubebe. Ulipomnyooshea kidole nikatamani ardhi inimeze. Toka siku ile kila ukipiga naona umeshajua, nakutumia picha ya mtoto."

Da Hajra alikuwa na la kusema, lakini nilimkanyaga mguu.

"Na mimi nawaambia wote wawili," akasema Bi Hamisa, na sasa sauti haikuwa ya mzaha. "Siku arobaini zilipoisha nilifunga begi langu. Nikakaa kitandani nasubiri niagwe. Mlezi wa mzazi haondoki kimya kimya kama aliyefumaniwa. Anaagwa, anapewa doti yake ya kanga, anasindikizwa. Nikitoka hivi hivi, huku Marui watasema nimefukuzwa. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu kimya. Kuku wangu wanaliwa na kicheche huku, mimi nipo Kibaha nasubiri adabu. Sasa ningefanya nini? Nikashika rimoti."

Mzee Kibwana akajipiga paji la uso. "Amiri! Hukumuaga mkweo?"

"Nilidhani akitaka kuondoka atasema!"

"Naye alidhani ukitaka aondoke utasema!"

"Asilimia mia moja ya nyumba ile," akasema Takwimu, "walikuwa wanateseka kwa heshima." Na nadhani hiyo ndiyo takwimu pekee ya kweli aliyowahi kuitoa.

Ghafla VIP akakaa wima, uso ukamchangamka. "Lakini mama, kanga si nimetuma! Juzi, nimempa dereva wa gari la Kisarawe. Doti nzima!"

"Imefika, baba. Nimeivaa hapa nilipo."

"Umeipenda, mama?"

"Shamsia, hebu msomee mumeo alichoniandikia."

Tukasikia Shamsia anavuta pumzi. Akasoma kwa sauti iliyobanwa: "UMEONDOKA TUMEPUMUA."

Huko kwenye mihogo hapakukalika. Hapa kijiweni watu wote wakanigeukia mimi, maana kanga za mtaa huu zinapindwa na mtu mmoja.

"Sindano," akasema Da Hajra. "Umeipinda wewe?"

"Nimeipinda."

"Uliisoma?"

"Niliisoma. Nilijua anampelekea yule mpangaji wa nyumba ya pili aliyehama. Nikasema VIP naye kumbe ana kijembe."

"Na wewe VIP hukuisoma?"

"Niliangalia rangi! Mimi ni fundi rangi, Da Hajra! Njano ile iliniita!"

"Mwacheni mwanangu," akasema Bi Hamisa, na alikuwa anacheka kicheko cha mtu aliyeshiba. "Kanga imesema kweli tupu. Hata mimi nimepumua. Miezi yote ile mtoto analia mguuni kwangu, binti anakoroma kichwani kwangu. Sasa sikiliza, baba. Jumamosi njoo umchukue mkeo na mjukuu wangu."

VIP aliruka kutoka kwenye benchi. Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, upande wake ulipokosa mtu Takwimu akaenda chini mara ya pili.

"Jumapili mpeleke kwenye hiyo taarabu yenu niliyoisikia redioni. Lakini ukakalie mikono. Wimbo wote, mpaka mwisho."

"Nitaikalia, mama!"

"Na ukija kwangu usije mikono mitupu, ila usiniletee kitu chenye maandishi. Nimeshakujua. Lete sukari."

"Mama, shikamoo," Da Hajra hakuweza kuvumilia tena. "Siku hizi hata pakiti ya sukari ina maandishi!"

"Marahaba mwanangu, umesema jambo. Basi apimiwe."

Simu ilipokatika VIP akavuka barabara mbio kwenda dukani kwa Halidi. Tukamsikia anagombana. Halidi alikuwa na mifuko ya kaki iliyopigwa chapa "Asante, Karibu Tena", VIP akaikataa, akasema anataka mfuko usiomkaribisha mtu wala kumfukuza. Halidi, ambaye hakusikia hata neno moja la mkasa huu, akamuuliza kama amekula kitu asubuhi.

Akarudi na kilo mbili. Tuliupokea ule mfuko watu wanne, tukaugeuza mbele na nyuma, tukachungulia na chini. Mzee Kibwana akavaa miwani. Haukuwa na neno. VIP akaukumbatia kifuani, akatuaga, akaondoka haraka haraka kuelekea kituoni, nasi ikabidi tumpigie kelele kwamba leo bado Alhamisi.